Ametoka Gerezani, Anatafuta Kazi: Laini, Kitambulisho na Mshahara wa Kwanza

Jumamosi jioni kwenye mijengo ya Ruiru, kuanzia Kimbo hadi Membley, foromani hatoi bahasha tena. Anatoa simu. Ana daftari lenye majina na namba, anatuma moja baada ya nyingine, na kila kibarua anangoja simu yake ilie kabla ya kuondoka. Kazi yote inaisha kwa muda mfupi. Halafu anabaki mtu mmoja pembeni ambaye jina lake kwenye daftari halina namba, ama lina namba ya dada yake. Huyo atalipwa mwisho, kwa pesa taslimu kama zipo, la sivyo arudi Jumatatu.

Kuna sababu nyingi za mtu mzima kukosa laini yake siku hizi. Moja yao watu hawapendi kuitaja: alikuwa ndani.

Kwa wateja wetu wa Thika na Ruiru hili si jambo la mbali. Thika kuna gereza la wanaume na la wanawake. Kamiti iko pua na mdomo na Ruiru. Hata chuo kinachofunza maafisa wa magereza kiko hapo hapo Ruiru. Kwa hivyo mtu akiachiliwa asubuhi, anapanda matatu zile zile tunazopanda sisi, 237 ama 145, na kama hujui, namba ya gari iliyobandikwa kwenye hiyo matatu ilitengenezwa na wafungwa wa Kamiti. Anashuka stejini akiwa na nguo alizoingia nazo na, mara nyingi, bila kitu chochote kinachoonyesha yeye ni nani.

Makala hii ni ya huyo mtu, lakini zaidi ni ya wale watakaompokea: mama, ndugu, mwenye mjengo, mwenye duka, mwenyekiti wa chama. Sisi ni kampuni ya malipo. Hatuna uwezo wa kumpa mtu msamaha wala kazi. Tunachojua vizuri ni jinsi pesa inavyomfikia mtu na mahali inapokwama, na kwa anayetoka gerezani hukwama mapema kuliko watu wanavyodhani.

Milango iliyofungwa na iliyo wazi

Tuanze na kazi zenyewe, kwa sababu ndizo zinaeleza kwa nini simu ni muhimu hivi.

Ukitaka kuwa askari wa kampuni ya ulinzi, utaulizwa cheti cha tabia njema. Ukitaka kuendesha matatu, vile vile. Viwanda vingi vya Thika hukiuliza kabla ya kuajiri mtu wa kudumu. Cheti hiki hutolewa na DCI. Unaomba kupitia eCitizen, unalipa KSh 1,050, kisha unapigwa alama za vidole, na Huduma Centre ya Thika ni mojawapo ya mahali pa kufanyia hilo. Mtu aliyewahi kuhukumiwa anajua rekodi yake iko kwenye mafaili ya hao hao watakaotoa cheti. Wengi hawaombi hata. Wanaona ni kulipa elfu moja na hamsini ili waambiwe wanachokijua.

Basi wanaenda mahali ambapo hakuna anayeuliza cheti. Mjengo. Machimbo ya mawe ya Ndarugo. Kuosha magari. Kubeba mizigo sokoni Madaraka kule Thika. Jua kali. Shamba la mtu. Hizi ni kazi za siku ama za wiki, na hapo ndipo unaona kitu cha ajabu kidogo: kazi ambazo hazitaki karatasi yoyote ndizo hizo hizo zinalipwa kwa simu. Mwajiri hakuulizi ulikuwa wapi mwaka jana. Anakuuliza namba.

Na si kwamba watu hawa hawajui kazi. Ndani ya magereza yetu kuna karakana za useremala, ushonaji, uashi na uokaji, na wafungwa hufanya mitihani ya ufundi ya NITA, ile ya Grade Test. Kipimo ni kile kile ambacho fundi yeyote wa Makongeni angepimwa nacho. Tunafikiri waajiri wangeshangaa wakijua ni mafundi wangapi mtaani walijifunzia kushika mwiko huko. Tatizo ni kwamba kazi ya ndani kwa miaka mingi imelipwa kwa senti, senti kweli, si shilingi. Mtu anaweza kutoka akiwa fundi kamili na asiwe na nauli ya kwenda kuomba kazi.

Kinachotokea kwa laini ukiwa ndani

Hii ndiyo sehemu ambayo familia nyingi hazijui.

Laini isipotumika kwa miezi kadhaa huzimwa, na baadaye namba hiyo hurudi sokoni na kuuziwa mtu mwingine. Mtu aliyefungwa miaka miwili anatoka, anawapigia watu akiwaambia namba yake ni ile ya zamani, kumbe ile ya zamani sasa ni ya mama fulani wa Kitale. Rafiki akimtumia mia tano ya kumkaribisha nyumbani, imeenda. Ndiyo maana huwa tunarudia kila siku: soma jina kabla ya kuthibitisha.

Kisha kuna usajili. Mwaka 2022 Mamlaka ya Mawasiliano iliagiza laini zote zisajiliwe upya kwa usahihi, na tarehe ya mwisho ikawa Oktoba 15. Aliyekuwa kifungoni wakati huo hangeweza kwenda kwa wakala na kitambulisho chake akapiga foleni kama sisi wengine.

Kitambulisho chenyewe ndicho mzizi wa haya yote, na mara nyingi ndicho kilipotea kwanza. Kilibaki kituoni, kilibaki kwa nyumba ya kupanga ambayo mwenye nyumba aliifunga, ama kilipotea siku ya kukamatwa. Kupata kingine unahitaji ripoti ya polisi na kwenda kwa ofisi ya usajili, na tangu 2024 ada ya kubadilisha kilichopotea ni KSh 1,000. Ukijumlisha na cheti cha tabia njema, ni KSh 2,050 kabla hujanunua hata chai. Tuseme kibarua analipwa 600 kwa siku. Hizo ni zaidi ya siku tatu za kubeba mawe, na hajaanza kuyabeba kwa sababu hana namba ya kulipiwa.

Kwa hivyo kama una mtu wako ndani, kuna vitu vichache unaweza kufanya kabla hajatoka. Tafuta kitambulisho chake na ukiweke salama. Kama kimepotea, anza kuuliza mapema ni nini kitahitajika. Kama laini yake iko nyumbani, isiachwe ilale kwenye droo: iweke kwenye simu, iwekee salio kidogo, ipigie mtu mara moja kwa mwezi ili isihesabiwe kuwa imekufa. Hilo halihitaji namba yake ya siri, na usimwombe. Namba ya siri ni yake hata akiwa Kamiti.

Jambo lingine la kupanga ni tarehe. Kwa vifungo vingi vya zaidi ya mwezi mmoja, Sheria ya Magereza inamruhusu mfungwa mwenye bidii na nidhamu kupunguziwa theluthi moja ya kifungo. Miaka mitatu inaweza kuwa miwili. Familia inahesabu mpaka mwaka ujao, kumbe mtu anabisha mlango wiki ijayo na hakuna kilicho tayari.

Deni lililomngoja

Tuseme amebahatika, namba yake bado ipo, anapata laini mpya ya namba ile ile kwa kutumia kitambulisho chake. Anafanya kazi wiki ya kwanza, anatumiwa 3,000. Meseji inaingia, halafu nyingine inaifuata: sehemu ya pesa imekatwa. Alikuwa amekopa kabla ya kukamatwa akasahau, ama alikuwa na Fuliza, ambayo tangu ianze 2019 hujilipa yenyewe pesa ikiingia. Mtu aliyeahidi nyumbani kwamba Jumamosi ataleta unga anafika mikono mitupu, na nani atamwamini akisema ni simu imekata?

Hapa tunasema waziwazi: deni halifi kwa sababu laini imekufa. Rekodi za mikopo hufuata kitambulisho. Lakini pia halihitaji kukushtua siku ya mshahara. Ukishapata laini, kabla hujampa mwajiri namba, pigia huduma kwa wateja ya mtoa huduma wako uulize mambo matatu: kuna deni? ni kiasi gani? na linakatwa vipi? Ukijua, utamwambia mama kabla hajauliza.

Wakati mwingine habari ni nzuri kuliko hivyo. Kama uliacha pesa kwenye laini iliyozimwa, hazijapotea. Pesa zinazokaa muda mrefu bila mwenyewe kuonekana hupelekwa, kwa sheria, kwa Mamlaka ya Mali ya Fedha Zisizodaiwa, UFAA, na mwenyewe anaweza kuzidai kwa kitambulisho chake. Haichukui siku moja, lakini ni zako.

“Nitumie kwa ya dada yangu”

Njia ya mkato ambayo karibu kila mtu hutumia ni laini ya mtu mwingine. Dada ana simu, pesa iingie huko, atatoa, atampa. Wiki ya kwanza hakuna ubaya. Hata sisi tungefanya hivyo.

Shida huja ikigeuka desturi. Kwanza, mzozo. Dada naye ana madeni yake, laini yake inakatwa, na sasa watu wa nyumba moja wanagombana juu ya pesa ambayo hakuna aliyeiiba. Pili, na hii ndiyo kubwa, mtu huyo anafanya kazi miezi sita na hana alama yoyote ya kuonyesha alifanya. Hasla Fandi, kwa mfano, iliyozinduliwa Novemba 30, 2022, inaanzia shilingi 500, lakini inataka uwe na kitambulisho na laini iliyotumika kwa zaidi ya siku 90. Siku 90 hizo haziwezi kuanza kuhesabiwa kwenye laini ya dada. Akifanya kazi siku tano kwa wiki kwa zile 600, wiki 12 ni 36,000 zilizopita mikononi mwake. Zikipita kwenye laini yake mwenyewe, anaweza kuomba taarifa ya akaunti na kumwonyesha mwenye nyumba wa Kiandutu ama katibu wa chama kwamba kila Jumamosi kuna pesa inaingia. Kwa mtu ambaye karatasi pekee aliyo nayo ni ya mahakama, hiyo ni karatasi ya pili.

Neno “Kamiti”

Ukipata simu ya mtu anayedai amekutumia pesa kimakosa, unasemaje? Wengi wetu tunasema, “Hao ni Kamiti,” tunakata. Ni kweli kuna ulaghai uliopangwa kutoka magerezani, na simu zimekamatwa humo mara nyingi. Lakini kuna mwingi zaidi ya huo, unaofanywa na watu ambao hawajawahi kuona lango la jela, wengine wakiwa wamevaa suti. Sisi kwenye meseji zetu za tahadhari tunaandika “walaghai wa simu” na tunaacha hapo. Neno Kamiti limekuwa tusi ambalo mtu aliyemaliza kifungo chake cha kuiba kuku analibeba mtaani kama jina la pili.

Na kuna mtego halisi kwa anayetoka. Wiki za mwanzo, kabla hajapata kibarua, atajitokeza mtu anayemjua. Hatamwambia twende tukaibe. Atamwambia, “Nisajilie laini mbili kwa kitambulisho chako, nikupe elfu.” Ama, “Kuna pesa itaingia kwako, itoe kwa wakala, ubaki na mia tano.” Inaonekana ni kazi rahisi kuliko mjengo. Pesa hiyo ni ya mtu aliyetapeliwa, na uchunguzi ukianza jina la kwanza kuonekana ni la mwenye kitambulisho. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018 haina huruma hapo, na mtu mwenye rekodi akisema hakujua, nani atamsikiliza?

Kitu cha kufanya siku ya kwanza ya kupata laini: kama ni ya Safaricom, piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Kitambulisho kilichopotea miaka miwili iliyopita kinaweza kuwa kimefanya safari zake. Ukiona namba usiyoijua, iripoti kabla haijakuletea wageni usiku.

Familia nazo zijihadhari. Ukipigiwa na “afande” anayesema mtu wako anatoka kesho, tuma nauli ama ada ya kumalizia faini kwa namba hii ya kibinafsi, usitume. Malipo ya serikali hupitia Paybill moja, 222222, na hayaingii kwa laini ya mtu yeyote. Panda matatu uende ukaulize gerezani ama mahakamani. Nauli ya kwenda Thika ni afadhali.

Kama wewe ndiye mwajiri

Unajua fundi wako mpya alikuwa ndani, ama umeambiwa na mzee wa mtaa. Hatutakuambia usiwe na wasiwasi. Tunaweza kukuambia namna ya kupanga pesa ili wasiwasi usiharibu kazi.

Kwa duka ama kioski, tumia namba ya till, ili mteja alipe moja kwa moja kwa biashara na pesa isipite kwenye simu ya mfanyakazi. Weka ujumbe wa malipo uje kwako pia. Hilo ungelifanya kwa mfanyakazi mpya yeyote, hata binamu yako, na kusema kweli binamu ndiye anayetakiwa kuangaliwa zaidi. Uzuri wake ni kwamba pesa ikipungua jioni, mnaangalia rekodi pamoja badala ya wewe kumwangalia yeye. Mtu aliyewahi kufungwa ndiye hushukiwa wa kwanza kila kitu kinapopotea. Rekodi ya till humtetea bila yeye kufungua mdomo.

Mlipe kwa laini yake, siku ile ile unayowalipa wengine. Kama hana laini, usimwache akae mwezi mzima bila: mpe ruhusa ya nusu siku ya kushughulikia kitambulisho, na ukiweza, mtangulizie ile KSh 1,000 umkate kidogo kidogo. Usishike kitambulisho chake kama dhamana. Na alichokuambia kuhusu kifungo chake kibaki kwako. Tangu Sheria ya Kulinda Data ya 2019, habari za mtu unazopata kama mwajiri si za kusambaza kwenye grupu ya WhatsApp ya wapangaji.

Wa kushikana nao mkono

Huduma ya Probation na Aftercare ya serikali haiwahusu tu waliopewa adhabu ya nje. Neno hilo la pili lina maana: wanafuatilia waliotoka, wanaongea na familia na chifu kabla mtu hajarudi mtaani, na baadhi huwasaidia kwa mafunzo au vifaa vya kazi. Fundi wa kushona aliyepata cherehani kupitia kwao ana mwanzo tofauti kabisa na aliyetoka na cheti peke yake. Kama mtu wako anakaribia kutoka, nenda ofisi ya probation ya eneo lako kabla, usingoje.

Ruiru pia ni nyumbani kwa RODI Kenya, shirika ambalo kwa miaka mingi limefanya kazi na magereza likifundisha wafungwa kilimo hai, usindikaji wa mazao na biashara ndogo, kisha kuwafuata wakishatoka. Tunalipenda wazo hilo kwa sababu mtu anayetengeneza sabuni ama anayelima sukuma wiki haombi cheti cha tabia njema kwa yeyote.

Kwa wanawake kuna Clean Start, iliyoanzishwa na Teresa Njoroge. Huyu alikuwa mfanyakazi wa benki. Mwaka 2011 alifungwa mwaka mmoja katika Gereza la Wanawake la Lang'ata akiwa na mtoto wake wa miezi mitatu, na baadaye, 2013, mahakama ikamwondolea hatia. Alichokiona humo ni wanawake wengi waliofungwa kwa makosa madogo ya umaskini, ambao wakitoka wanakuta hakuna kazi, nyumba imeenda na watoto wametawanyika kwa jamaa. Wanawake wa Thika wanaotoka gerezani wana shida hiyo hiyo, na kwao laini huwa na uzito zaidi: karo ya mtoto aliyebaki kwa nyanya hutumwa kwa simu.

Siku ya kusajili, aende mwenyewe kwa duka la mtoa huduma ama wakala aliyeidhinishwa, na kitambulisho chake halisi, si picha kwenye simu. Achague namba ya siri ambayo si mwaka wake wa kuzaliwa wala tarehe aliyotoka. Akiwa hapo hapo atume shilingi kumi kwa mtu wa nyumbani aone jina lake likitokea upande wa pili. Halafu amtumie foromani namba, kabla ya Jumamosi.